Mwizi Aliyeongeza

Jina la Inspekta Tena alibandikwa na wenzake kituoni, waliochoka kumsikia akimwambia kila mtuhumiwa, kila shahidi na mara nyingine mkuu wake wa kazi, "Sema tena." Aliamini kwamba mtu akisimulia mara ya pili ndipo anapotoa kile alichokiruka mara ya kwanza akidhani hakina maana. Asubuhi hiyo ya Jumatano alikuwa amesimama ndani ya maabara ya kliniki ya uzazi, kavishwa kofia ya nailoni, koti jeupe lililombana mabegani na ndara za plastiki za mtu mwingine, na hakuwa na furaha hata chembe.

Mbele yake kulikuwa na mtungi wa chuma uliomfika kiunoni. Ndani yake, kwenye naitrojeni ya maji yenye baridi ya kuunguza ngozi, kliniki ilihifadhi viinitete: mayai ya wanawake yaliyorutubishwa na mbegu za waume zao, yakagandishwa kwenye mirija myembamba kungoja siku ya kupandikizwa tumboni. Vitatu vya mteja mmoja havikuwemo.

Aliyeita polisi ni Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili ya kliniki, profesa mstaafu mwenye suti ya kijivu, aliyezungumza polepole kama anasomea wanafunzi imla. Alieleza kwamba mteja ni mwalimu wa sekondari, mjane. Mumewe alifariki mwaka jana kwa saratani. Mjane akaja kuomba apandikizwe, Kamati ikakaa, ikakataa, ikaamua viinitete vile viyeyushwe Ijumaa ya wiki hii. Leo mtaalamu wa maabara kafungua mtungi kuviandaa, kakuta mrija wake haupo.

"Viyeyushwe maana yake nini?" Inspekta Tena aliuliza.

"Vinatolewa kwenye baridi. Vinakoma."

"Vinakufa."

"Hatutumii neno hilo."

"Mnatumia lipi?"

"Vinaachiwa," Mwenyekiti alisema, baada ya kufikiri, "vifuate asili yake."

Koplo, msaidizi wa Inspekta, aliandika maneno hayo akayapigia mstari. Yeye alikwisha kumpata mtu wake. Alikuwa huyohuyo mtaalamu wa maabara, mwanamume mwembamba mwenye macho mekundu, aliyejibanza kando ya mtungi kana kwamba anauombea. Ndiye mwenye ufunguo, tena anauvaa shingoni. Ndiye aliyempinga Mwenyekiti kikaoni hadi akapiga meza. Na ndiye aliyegundua wizi, jambo ambalo Koplo hakuwahi kulipenda kwa mtu yeyote. Mkuu wa kituo naye alikuwa ameshapiga simu, anataka mtu akamatwe kabla waandishi wa habari hawajanusa.

Inspekta hakuwa na haraka. Aliupapasa mlango, haukuvunjwa. Kitasa hakikuwa na mkwaruzo. Madirisha hayakuwahi kufunguliwa tangu jengo lijengwe. Akamuuliza mtaalamu jana alikuwa wapi. Alikuwa humu humu kutwa nzima, alijibu, isipokuwa mchana kidogo, wanawake wawili walipopigana mapokezi akakimbia kuwaamua.

"Mlango uliuacha wazi?"

"Mtu anapigwa, Inspekta. Nani anakumbuka mlango?"

Koplo alianza kuzichezea pingu. Inspekta akamtazama, akaziacha.

Kisha akauliza swali la mtu asiyejua kitu, na kweli hakujua: huu mtungi, wanafahamu vipi kwamba baridi bado ipo? Mtaalamu akaeleza kwamba naitrojeni hupungua yenyewe, inapaa kama mvuke wa chai. Kila asubuhi anazamisha kijiti, anakitoa, anaangalia utando wa barafu umeishia wapi. Alama hushuka kidogo kidogo hadi Alhamisi, mtu wa gesi anapokuja kujaza. Leo amepima? Hakupima. Alipokosa ule mrija alisahau hata jina lake.

"Pima sasa."

Alizamisha kijiti, akakitoa, akakitazama. Akakifuta kwa koti lake, akazamisha tena. Alipokitoa mara ya pili aliwageuzia wote wakione.

"Imepanda," alisema.

"Sema tena."

"Naitrojeni imepanda. Jana asubuhi alama ilikuwa huku chini. Mtungi huu haujui kupanda, unajua kushuka tu. Mtu ameongeza."

Koplo akaacha kuandika. Mwizi anachukua, alisema, mwizi haongezi. Inspekta akamjibu kwamba huyu aliongeza, basi na waanzie hapo. Alifungua mtungi wa watu, akajua kwamba kila sekunde ukiwa wazi baridi inatoroka na humo ndani kuna watoto wa wengine wanaongojewa. Akachukua alichokijia, akajazia kilichopotea, akafunga. Si mgeni wa kazi hii. Tena ana roho.

Lakini je, si bado huyu? Koplo alimwonyesha mtaalamu kwa kidevu. Inspekta akataka kuona akiba ya naitrojeni ya kliniki. Ilikuwa kwenye mtungi mdogo chini ya meza, na mfuniko wake ulikuwa bado na utepe wa muuzaji, haujaguswa. Iliyoongezwa haikutoka humu. Ililetwa kutoka nje, mkononi mwa mtu.

Mlinzi wa mlango wa nyuma alikuwa ameapa kwamba jana hakuingia mgeni. Inspekta alimfuata pale pale kwenye kiti chake akamwambia aseme tena. Mlinzi akasema tena: mgeni hakuna. Labda yule wa gesi.

"Jana Jumanne. Wa gesi huja Alhamisi."

Mlinzi alifikiri. Kweli, alisema, huja Alhamisi. Ila huyu alikuwa na ovaroli ya bluu na mtungi unaofuka moshi, na yeye kitu kinachofuka moshi hakizuii, anakipisha. Alimfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia pole na kazi.

Waliporudi ndani, Inspekta aliuliza jambo moja tu zaidi. Mtungi una mamia ya mirija. Mtu wa nje aliujuaje ule mmoja? Hapo mtaalamu akatabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu la uchungu. Kliniki yao ina desturi, siku ya kugandisha wanawaita mke na mume wachague rangi za vifuniko wenyewe, ili wajione wana kitu chao humu ndani, si namba tu. Hawa walichagua kahawia na nyeupe. Alikumbuka kwa sababu mume alicheka, akasema hizo ndizo rangi za ng'ombe wa mama yake.

"Mama yake anafuga?"

"Nusu ya mji huu inakunywa maziwa yake. Wanamwita Bibi Maziwa."

Mwenyekiti aliingilia kati. Kama Inspekta anamfikiria huyo mama, anapoteza muda. Huyo mama ndiye aliyekuja kwa miguu yake mbele ya Kamati akasema hataki mjukuu wa friji, na ushahidi wake uliwasaidia sana kuamua. Jana alikuja tena hapa, akakutana na mkwewe mapokezi, akamtia kofi mbele ya watu. Wale wawili hawapikiki chungu kimoja.

"Kofi," alisema Inspekta Tena. "Naomba nilione hilo kofi."

Binti wa mapokezi alikuwa amelisimulia kofi hilo kwa kila aliyeingia tangu jana, na kwa jinsi lilivyokuwa limekua, ilikuwa ajabu mjane bado ana meno. Inspekta alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia asimame, Koplo awe mjane, yeye awe mama mkwe, aonyeshe kwa vitendo, asiruke kitu.

Binti alizunguka meza akafurahi. Akamjia Koplo kwa hasira, akamnyooshea kidole, akamwita mchawi, akamwita mwanamke asiyeheshimu kaburi. Halafu akanyoosha mikono miwili usoni kwa Koplo, akamvua miwani ambayo Koplo hakuwa nayo, akaikunja, akaiweka mezani. Ndipo akapiga.

"Hapo kwenye miwani," alisema Inspekta. "Tena."

Binti akarudia. Mikono miwili, akakunja sikio moja la miwani, akakunja la pili, akaiweka mezani pole pole. Akasimama akiangalia mikono yake mwenyewe. Alisema hata jana aliona kama ajabu, lakini kofi likaja, watu wakapiga kelele, akasahau.

Koplo alikuwa anajipapasa shavu. Alisema mama yake mzazi aliwahi kumchapa akiwa amebeba trei ya mayai, na hakumwambia kwanza aiweke chini.

Garini Koplo hakuanza kuendesha. Alikuwa amekulia zizini, na jambo lilikuwa limemjia akilini tangu kule kwa mlinzi. Kliniki si peke yao wenye mitungi ya naitrojeni, alisema. Kuna wapandishaji wa ng'ombe, wale wanaobeba mbegu za madume bora kwenye mirija, wanazunguka nazo kwa wafugaji. Nao wana kijiti cha kupimia. Nao wamefundishwa kwamba mtungi ukifunguliwa lazima ujaziwe, hata ukiwa wa jirani. Hapa mjini yuko mmoja maarufu, wafugaji wanamwita Dume la Pikipiki.

"Kwa sababu gani?" aliuliza Inspekta.

"Inspekta, ng'ombe wako akitaka dume, anayekuja ni yeye, na anakuja na pikipiki."

Inspekta Tena alicheka hadi akafuta macho, akamwambia awashe gari.

Kwa Bibi Maziwa kulikuwa na ua wa mabati na zizi la sakafu ya saruji, lililofagiwa vizuri kuliko ofisi ya Inspekta. Walimsikia ng'ombe kabla ya kumwona. Alikuwa wa kahawia mwenye mabaka meupe, analia kwa kuvuta sauti, na kila mara anajaribu kumpanda mwenzake. Koplo akanong'ona kwamba huyo yuko kwenye joto tangu asubuhi na wakati wake unapita.

Na mpandishaji alikuwepo. Mwanamume mnene wa ovaroli ya bluu alikuwa amekaa katikati ya ua, kikombe cha chai mkononi, na kiti chake kilikuwa mtungi wa naitrojeni. Hatua chache kutoka kwake mwanamke mwenye miwani alikuwa anasuuza ndoo za maziwa. Mkwe aliyepigwa kofi jana mbele ya kliniki nzima, leo anaosha vyombo vya aliyempiga.

Inspekta alimwamkia mwenye nyumba kwa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaletewa kigoda, akaambiwa chai inakuja. Bibi Maziwa alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa ya kukamua. Aliendelea kuchanganya pumba kama mtu ambaye polisi humtembelea kila siku.

"Mama, ng'ombe wako analia."

"Analia, mwanangu."

"Na mpandishaji yupo."

"Yupo."

"Mbona hampandishi?"

Dume la Pikipiki alidakia kwamba mbegu zimemwishia. Inspekta akamwomba basi ainuke, amwonyeshe mtungi mtupu. Hakuinuka. Alikunywa chai yake yote, na kikombe kilipokuwa kitupu aliendelea kukishikilia mdomoni.

Inspekta hakupandisha sauti. Alisema anaona mpandishaji aliyekaa juu ya mtungi wakati ng'ombe wa mteja wake anapasuka koo, na hajui sababu nyingine ya mpandishaji kufanya hivyo ila kwamba ndani kuna kitu ambacho hataki baridi yake ipungue hata kidogo kwa ajili ya ng'ombe. Alisema pia kwamba kuna mtu alivua miwani ya mtu jana, na mtu mwenye hasira ya kweli hakumbuki kioo.

Bibi Maziwa aliacha pumba. Akaifuta mikono kwenye gauni, akaenda akainyoosha mbele ya Koplo, viganja juu.

"Nifunge mimi. Mkwe wangu hakujua chochote hadi nilipomletea."

"Mama, usiseme uongo kwa polisi," mjane alisema kutoka kwenye ndoo. "Nilijua. Mimi ndiye niliyekwambia upige kwa nguvu."

"Na wewe kaa kimya."

"Sikai kimya. Hereni nilivua mwenyewe nyumbani, miwani ndiyo niliyosahau." Alimgeukia Inspekta. "Hata yeye asingekumbuka, ila aliinunua yeye."

Koplo alizitazama pingu, akatazama ile mikono miwili ya mzee iliyomzidi ukubwa, akaangalia pembeni.

Inspekta alimwomba Bibi Maziwa akae, amweleze tangu mwanzo, na mzee akaeleza bila kuomba huruma. Ni kweli alikwenda mbele ya Kamati. Mwanawe alikuwa amemfia mikononi, halafu akasikia kuna vitoto vyake kwenye friji, akaona ni dhihaka, akaona mkwe anataka kuchezea maiti. Akasema maneno yake yote, wakayaandika, wakamshukuru, wakampa na soda. Wiki mbili baadaye ndama alizaliwa humu zizini, jike zuri, na Dume akasema kwa kujisifu kwamba baba wa ndama huyu alikufa zamani sana, yeye mwenyewe hakuwahi kumwona. Bibi akakaa chini kwenye majani. Ng'ombe wake wote, hawa aliosomeshea watoto kwa maziwa yao, baba yao ni marehemu, na hakuna siku aliyoona ni dhihaka.

"Najua mtu si ng'ombe," alisema. "Yule mzee wa suti aliniambia hivyo kana kwamba sijui. Mtu ni zaidi. Sasa kama ni zaidi, kwa nini nimpe ng'ombe nafasi nimnyime mwanangu?"

"Ulirudi kwa Kamati?"

"Nilirudi. Nikasema nimebadili mawazo. Wakasema kikao kimefungwa. Wao mawazo yao yakibadilika wanaita kukua. Ya kwangu yakibadilika wanasema nimechanganyikiwa na msiba."

Inspekta alimgeukia mjane. Akamwambia wazi kwamba Kamati wana hoja, na si hoja ndogo: marehemu hakuacha idhini ya kutumia viinitete baada ya kifo chake, na mtu hawezi kufanywa baba bila kuulizwa.

Mjane aliiweka ndoo chini. Alikuwa na sauti ya darasani, isiyohitaji kupazwa.

"Siku alipoambiwa ana saratani, daktari alimwambia dawa zitaua mbegu. Hakwenda nyumbani kulia. Alinishika mkono tukaja kliniki kabla hajameza hata kidonge. Njiani akaniambia, 'Nikibaki tutalea wote. Nikienda utalea na mama.' Ndiyo idhini hiyo. Haikuandikwa kwa sababu wakati ule fomu yao haikuwa na nafasi ya kuandika kifo. Waliiongeza juzi, baada ya yeye kufa, halafu wakasema hakuijaza."

Bibi Maziwa alikuwa ameinamisha kichwa. Lile neno, utalea na mama, alilisikia baada ya kutoa ushahidi wake, na hilo ndilo lililokuwa likimla.

Mjane akaendelea kwamba yeye mayai hana tena, wameshampima. Hivyo vitatu ndivyo vyote. Kuna kliniki katika mji mwingine, ina kamati yake na mawazo yake, na hao wamekubali kumpokea. Aliwaomba hawa wa hapa wampe avichukue, wakamwambia si vyake. "Basi nikaona nisibishane tena. Kama ni wizi, niandike mwizi. Lakini Ijumaa yao haitanikuta nimekaa nalia."

Hapo ng'ombe alilia kwa nguvu, na hakuna aliyecheka.

Inspekta Tena alimwambia Koplo alete mkoba wa vielelezo. Koplo akauliza kama wanabeba mtungi kwenda nao kituoni. Inspekta akamuuliza kituoni wataweka wapi, kwenye lile friji bovu lenye soda zake? Akamwambia Dume ainuke. Safari hii aliinuka. Akafungua mfuniko kufumba na kufumbua, akainua mkebe mmoja hadi shingoni mwa mtungi, si zaidi, na wote waliona vile vifuniko viwili, kahawia na nyeupe. Akarudisha. Kabla hajafunga alizamisha kijiti akapima, kwa mazoea tu, na Koplo akamkonyeza bosi wake.

Inspekta aliufunga mtungi kwa utepe wa polisi, akapiga lakiri, akatia sahihi. Akamwandika Dume la Pikipiki kuwa mtunzaji wa kielelezo, mwenye wajibu wa kukilinda na kukijazia naitrojeni hadi amri nyingine. Kuhusu kuingia kliniki bila ruhusa, alisema, hana la kuandika, maana alifunguliwa mlango na mlinzi na akapewa pole ya kazi. Dume akauliza, na ng'ombe je? Akaambiwa akaazime mtungi wa mwenzake, upesi, mnyama wa watu asiteseke.

"Kwa nini tunakiacha kwao?" Koplo aliuliza walipofika garini.

"Kesho utaona."

Alhamisi asubuhi Mwenyekiti alikuja kituoni na mtaalamu wa maabara nyuma yake, aliyeitwa kama shahidi. Mkuu wa kituo alikuwa amemwambia kwamba mali imepatikana, na alikuja kumshukuru Inspekta na kuichukua. Alisema kesho ratiba inaendelea kama ilivyopangwa.

Inspekta akamwambia haiendelei. Kilichopatikana sasa ni kielelezo cha kesi ya wizi. Kimepigwa lakiri. Atakayekiyeyusha kabla hakimu hajakiona anaharibu ushahidi, na kwa kosa hilo yeye Inspekta hatajali kama mtu ni profesa.

Mwenyekiti hakuwa mjinga. Alikaa, akavua miwani yake, akaisafisha. Alisema miaka mingi nyuma, kliniki ilipoanza, wahubiri walikuja kupiga kelele mlangoni kwamba humu wanatengenezwa watoto wa shetani, na yeye ndiye aliyetoka akawakabili, peke yake, wakamtemea mate. Asifundishwe habari ya kubadilika kwa mawazo. Zamani madaktari waliamua kila kitu bila kumuuliza mtu. Leo wanasema hapana, kila mtu aulizwe, hata aliyekufa. Huko ni kukua, na yeye alipigania jambo hilo.

"Nakuheshimu kwa hilo," Inspekta alisema, na alimaanisha. "Lakini mlimuuliza aliyekufa, mkaacha kumuuliza aliyebaki. Na mama yake alipokua kuwazidi, mkamfungia mlango. Safari hii wahubiri ni nyinyi."

Mwenyekiti aliirudisha miwani usoni. Inspekta akasukuma karatasi ya maelezo mbele yake. Imejazwa yote, alisema, siku, mahali, jina la mlalamikaji. Imebaki nafasi moja, na hiyo hawezi kumjazia.

"Andika kilichoibiwa. Ni kitu au ni mtu?"

"Swali hilo si rahisi hivyo."

"Sikuuliza kama ni rahisi. Ukiandika kitu, kina mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyekichukua. Mtu haibi chake. Ukiandika mtu, basi nitakuuliza kesho mlikuwa mnataka kumfanya nini."

"Si kitu wala si mtu," Mwenyekiti alisema. "Dunia nzima inajadili jambo hilo, Inspekta. Bado tunatafuta jina lake."

"Sema tena."

Hakusema tena. Kalamu ilikaa juu ya karatasi, ikasogea kidogo, ikasimama. Nje pikipiki ilikuwa inanguruma mlangoni, na Koplo alichungulia dirishani akarudi kukaa bila kusema nani amekuja.

Mtaalamu wa maabara aliinuka kwenye benchi. Aliivua shingoni ile kamba yenye ufunguo, akaiweka juu ya karatasi isiyojazwa, karibu na mkono wa Mwenyekiti. Alisema anaomba likizo, na asipopewa anaacha kazi, maana amesikia kwa mjane kuna mzigo unakwenda mji mwingine na unahitaji mtu wa kuupima njiani. Alipofika mlangoni akageuka.

"Leo ni Alhamisi. Mtu wa gesi anakuja. Mfungulieni."

Mwenyekiti alibaki anautazama ufunguo. Hatimaye aliinuka, akauchukua, karatasi akaiacha ilivyo. Alisema atakwenda mahakamani. Inspekta akamwambia aende, ni haki yake, na huko swali la kwanza litakuwa hilihili.

Mlango ulipofungwa, Koplo aliuliza kama ampigie Bibi Maziwa simu. Inspekta akasema ampigie, amwambie Dume akirudi avunje lakiri ya mtungi, na amuulize kama ng'ombe amepandishwa. Kisha akavuta jalada, na pale palipotakiwa sababu ya kulifunga akaandika kwa mwandiko wake mkubwa: mlalamikaji ameshindwa kusema kilichoibiwa.